Faili Lipo, Faharasa Ndiyo Haipo

Nilikuwa naliona kwa macho yangu. Faili liko kwenye folda, jina kamili, halijaguswa. Nikiandika jina hilohilo kwenye menyu ya kuanzia, kompyuta inajibu hakuna. Programu ilizipata zote, mafaili haikupata hata moja. Nikahisi diski inakata roho, nikaanza kunakili kila kitu kwenye diski ya nje (hilo sijutii).

Mkosaji nilikuwa mimi. Miezi kadhaa nyuma nilifuata ule ushauri wa "kuipa kompyuta kasi" usiokufa, na hatua mojawapo ilikuwa kuzima huduma ya Windows Search, ile inayoandaa orodha ya kutafutia mafaili, yaani faharasa. Nikaizima, nikasahau.

Ushauri huo naupinga waziwazi. Unadhania kwamba tunapotafuta, kompyuta huzunguka diski nzima papo hapo. Sivyo. Inasoma faharasa iliyoandaliwa mapema: majina ya mafaili, tarehe, na maneno yaliyomo ndani ya nyaraka. Huduma inayoiandika ikizimwa, kutafuta ndani ya folda kunaendelea kwa kujikokota, kwa sababu sasa kweli inapekua moja baada ya jingine. Ila kule kwenye menyu unatoka mikono mitupu. Na hiyo kasi tunayoipigania ni ndogo, maana uandishi wa faharasa wenyewe hupunguza mwendo mtu anapokuwa anaitumia mashine. Zamani za diski za kuzunguka na kumbukumbu haba, labda ningeelewa.

Kurekebisha ni kazi ndogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Windows Search kwenye orodha, iwashe na uiweke ijiwashe yenyewe. Ikiwa tayari inafanya kazi na bado majibu ni ovyo, huenda faharasa imeharibika: fungua mipangilio ya faharasa (Indexing Options), ingia sehemu ya mipangilio ya kina (Advanced), uamuru ijengwe upya. Mafaili yako hayafutwi, inayofutwa ni faharasa tu.

Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Kujenga upya kunaweza kuchukua saa nyingi, na kwa muda huo majibu huwa nusunusu. Mimi nilikosa subira, nikaamuru tena, kisha tena, na kila mara ikaanza sifuri. Iache imechomekwa kwenye umeme, ukalale.

Jambo jingine ni mipaka. Mpangilio wa kawaida wa Windows huweka kwenye faharasa nyaraka, picha, muziki na vilivyo kwenye eneo-kazi. Ukihifadhi kazi zako kwenye diski ya pili, faharasa haizijui mpaka uiongeze folda hiyo kwa mkono, au uchague mpangilio mpana uliokuja na Windows 10 mwaka 2019. Mimi naongeza folda chache ninazozihitaji. Sioni faida ya kutafutiwa mafaili ya mfumo.

Kwenye Mac shida ni ileile, ila kitafutaji chake kinaitwa Spotlight, na amri ya sudo mdutil -E / ukiiandika kwenye Terminal huifuta faharasa ianze upya. Kuna pia wanaoapa kwa Everything, programu inayosoma moja kwa moja jedwali la mafaili la diski ya Windows na kukupa majina kabla hujamaliza kuandika. Ninayo na naipenda, lakini ukikumbuka sentensi tu na si jina, utarudi kwenye faharasa. Na hati ya PDF iliyopigwa skani bila kusomwa maandishi haitakupa neno hata moja, ujenge mara ngapi. Kwa kompyuta ile ni picha tu.

Yangu ilimaliza usiku. Asubuhi nikaandika jina, faili likaja juu kabisa, likifuatana na nakala zake nne: "mwisho", "mwisho 2", "mwisho kabisa" na "mwisho kweli". Sasa natafuta lipi ndilo nililolituma.