Mtwana wa Uingereza: mpangaji asiye na haki au mrithi wa ardhi?

Kwa mujibu wa sheria ya mfalme wa Uingereza katika karne ya 13, mtwana, yaani mkulima asiye huru aliyefungwa kwa bwana wake, hakuwa na ardhi. Aliilima kwa ridhaa ya kabaila mwenye manori, yaani milki ya ardhi pamoja na wakulima wake, na akinyang'anywa hakuweza kumshtaki katika mahakama ya mfalme, ingawa mlango huo ulikuwa wazi kwa watu huru tangu enzi za mfalme Henry II, karne ya 12. Kwa hiyo wapo wanaouona mfumo huo kuwa unyonyaji mtupu, na ushahidi wanao. Mwenye ekari 30 hivi aliweza kudaiwa kazi ya siku mbili au tatu kila wiki katika mashamba ya bwana, na nyingine za ziada wakati wa mavuno, yaani pale hasa ngano yake mwenyewe ilipohitaji kukatwa. Alilipa ada ili amwoze binti yake, na alipofariki, bwana alichukua mnyama bora zizini.

Wanaoupinga mtazamo huo hutuelekeza kwenye baraza la manori, ambako wanakijiji wenyewe ndio walioeleza desturi inasemaje. Mrithi alifika hapo, akalipa ada, akaapa, na jina lake likaingizwa kwenye kumbukumbu. Hivyo familia nyingi zilikaa katika ardhi ileile kizazi baada ya kizazi. Kibarua huru asiye na shamba, na hao walikuwa wengi kufikia mwaka 1300, hakuwa na uhakika huo.

Hoja hii ina uzito, ila husahau kwamba baraza lilikuwa la bwana, na faini zake zilikuwa zake. Kwa maoni yangu, kilichoipa desturi meno ni tauni ya 1348–49, iliyofanya wakulima wawe adimu, hata sheria ya mwaka 1351 ya kuzuia ujira usipande ikashindwa kuurudisha wakati nyuma. Mwaka 1381 wakulima walioasi walimtaka mfalme Richard II afute utwana na kodi ya ardhi iwe peni 4 kwa ekari. Huko Essex walichoma kumbukumbu za manori, jambo ambalo ni gumu kulieleza ikiwa kweli waliziona kuwa ngao yao. Hata hivyo, nakala ya kumbukumbu hizohizo ndiyo iliyogeuka kuwa hati ya mkulima. Kufikia mwishoni mwa karne ya 15 mahakama za mfalme zilikuwa zimeanza kuitambua, na umiliki wa aina hiyo ulidumu hadi ulipofutwa tarehe 1 Januari 1926.