Ufunguo wa akiba wa simu zetu

Wiki ya harusi, simu za wanawake Unguja hujaa picha ambazo mwanamme hapaswi kuziona: bi harusi anapigwa singo, miguu ina piko mbichi, mashangazi wanacheza bila ya buibui. Zinatumwa kwa WhatsApp mpaka Wete, na tangu 2016 zinakwenda zimesimbwa, yaani zinafungwa kwenye simu inayotuma na kufunguliwa kwenye inayopokea tu. Hata kampuni yenyewe haizioni. Kwetu hiyo ni sitara, na hatukungoja mtaalamu aje atufundishe thamani yake.

Lakini kufuli hilo hilo linamfaa muuza unga, na linamfaa anayedhalilisha watoto. Hapa sitaki kupita haraka. Kesi za udhalilishaji visiwani huanguka kwa kukosa ushahidi: jamaa wanamalizana nyumbani, mtoto anatishwa, shahidi hatokei mahakamani. Mpelelezi aliyeishika simu ya mtuhumiwa na ikamshinda kuifungua ana haki ya kulalamika. Anayemjibu "faragha" akaishia hapo, hajakaa na mama wa mtoto huyo.

Basi serikali ipewe nini? Marekani ilijaribu ufunguo wa akiba. Mwaka 1993 ilitangaza chipu ya Clipper: simu zisimbwe, lakini nakala ya ufunguo ikae serikalini. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze akaonesha namna ya kuikwepa, na mradi ukafa. Ya Ugiriki yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 2004 na 2005, programu ya kunasa simu kwa amri za kisheria, iliyokuwamo kwenye mitambo ya Vodafone, iligeuzwa kwa siri wakasikilizwa watu zaidi ya 100, Waziri Mkuu akiwemo.

Shangazi yangu alipopeleka simu kwa fundi Darajani kubadilisha kioo, aliandika namba ya siri kwenye kikaratasi akakibandika mgongoni mwa simu. Picha za singo zote zimo. Nikamkemea. "Yule kijana namjua mpaka kwao," akanambia. Wagiriki wale hawakumjua aliyekuwa akiwasikiliza.

Ipo njia nyengine. Mwaka 1999, wapelelezi wa FBI wa Marekani waliingia kwa amri ya mahakama katika ofisi ya mtuhumiwa Nicodemo Scarfo huko New Jersey, aliyekuwa amefunga faili lake kwa PGP, programu ya kusimba, wakatega chombo cha kunasa anachokiandika kwenye kibodi. Neno la siri likapatikana. PGP yenyewe haikuguswa, na kompyuta ya mtu mwengine haikudhurika.

Mimi naelemea huko: simu moja, mtuhumiwa mmoja, amri ya hakimu. Ni kazi nzito na ya gharama, na uzito huo ndio unaozuia isifanywe kwa kila mtu. Hata hivyo siioni kuwa salama moja kwa moja. Pegasus, programu ya kuingilia simu ya mtu kwa siri, nayo iliuzwa kama silaha dhidi ya magaidi, ikaja kukutwa kwenye simu za waandishi wa habari. Kila kitu kinasimama juu ya yule hakimu.

Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda mawasiliano ya faragha ya mtu. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN, zile programu zinazoficha njia yako ya intaneti, wajisajili kabla ya tarehe 30. Hapo hapakuwa na mtuhumiwa wala hakimu.