Wanachama wako WhatsApp, orodha iko kwa nani?

Kwenye matawi ya vyama vya wafanyakazi huku Mtwara na Lindi kuna hoja inayozidi kupata wasemaji, hasa vijana. Wanasema tuache kutegemea makundi ya WhatsApp, tuwe na mtandao wetu wa kijamii, wa wafanyakazi peke yao. Mwalimu wa Liwale, muuguzi wa Newala na mpakiaji mizigo wa bandari ya Mtwara waingie humo kwa majina yao, wapeane nyaraka, waulizane kuhusu mikataba, wapange mambo bila jicho la mwajiri. Wanaoipinga nao wana hoja nzito. Nimezisikiliza pande zote mbili, na naona mabishano yanaruka jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: orodha ya wanachama.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2009 LabourStart, tovuti ya habari na kampeni za wafanyakazi inayoendeshwa kutoka London, ilifungua mtandao ulioitwa UnionBook kwa ajili ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi popote walipo. Haukuwa na matangazo ya biashara. Mtu alijiandikisha, akataja chama chake, akafungua ukurasa wake na kuanzisha kundi la tawi au la kampeni. Haja yake ilikuwa imeshaonekana. Mwaka 2008 Facebook ilifunga akaunti ya mwandaaji wa chama kimoja nchini Kanada kwa maelezo kwamba ameongeza marafiki wengi mno kwa muda mfupi, na kuongeza watu ndiyo kazi ya mwandaaji wa chama. Wafanyakazi wakatambua kuwa ukumbi wanaokutania una mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kitasa.

UnionBook haukudumu, leo haupo tena. Facebook ipo, na WhatsApp, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2014, imefika mpaka vijiji vya Nanyumbu. Wapinzani wa mtandao mpya huanzia hapo, na wana haki ya kuanzia hapo. Programu mpya ni nafasi kwenye simu iliyokwisha kujaa, nywila nyingine ya kukumbuka, na bando la ziada kwa mtu anayeliunga kwa kujibana. WhatsApp mtu huifungua kabla hajanawa uso, kwa sababu huko ndiko aliko mama yake, mwenye duka wake na katibu wa AMCOS yake, chama cha ushirika cha wakulima. Mtandao wa chama angeufungua mara ngapi kwa wiki?

Lifungue kundi la tawi la walimu jioni ya Novemba uone. Kuna taarifa ya msiba: mwenzetu wa Tandahimba amefiwa na baba mkwe, mazishi kesho saa 7 mchana. Zinafuatana "pole sana mwalimu" mpaka kidole kinachoka kushuka, kisha mweka hazina anabandika waliochanga, jina moja moja, huyu elfu tano, yule elfu kumi, pamoja na namba ya kutumia fedha. Mtu anarusha bei ya mnada wa korosho wa leo, maana walimu nao wana mikorosho. Mwingine anauliza kama kuna aliyepandishwa daraja. Katikati ya yote hayo limo tangazo la kikao cha tawi Jumamosi, na ukishuka haraka unalipita.

Vijana wanaotaka mtandao mpya huliita kundi kama hilo vurugu. Siwaungi mkono katika hilo. Mwalimu aliyepokea mchango wa wenzake akiwa msibani ana sababu ya kuja kwenye kikao kuliko yule aliyepokea waraka wa kurasa 12. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kwa kuifuata reli ya kati mpaka Kongwa, kwenye mashamba ya mradi wa karanga, mradi uleule ambao kwa upande wa Nachingwea ndio uliotuletea bandari ya Mtwara. Ulisafiri kwa midomo ya watu waliojuana. Rambirambi, harusi na bei ya korosho ndivyo watu wa huku wanavyojuana, na mtandao utakaowaondoa hapo ili wazungumze "mambo ya chama tu" utakosa watu wa kuzungumza nao.

Lakini kundi la WhatsApp lina kasoro ambazo mazoea hayazifuti. Kila aliyemo anaiona namba ya simu ya kila mwenzake. Tena si wote waliomo wako sawa. Mkuu wa shule naye ni mwalimu, na mara nyingi ni mwanachama wa chama kilekile. Sheria inawazuia kuwa kwenye chama cha wafanyakazi wa kawaida wale tu wa ngazi ya juu kabisa, wanaotunga sera kwa niaba ya mwajiri na wenye mamlaka ya kuingia naye mikataba ya pamoja, na mkuu wa shule si mmoja wao. Basi yumo kundini, kihalali kabisa. Mwalimu mwenye dai la uhamisho lisilolipwa, au anayetaka kuuliza ile asilimia 2 ya mshahara anayokatwa na Chama cha Walimu Tanzania (CWT) inamrudia vipi, anaandika sentensi, anaisoma, anaifuta. Anaweka alama ya mikono iliyofumbatwa kwenye taarifa ya msiba na kufunga simu. Jumbe za WhatsApp zimefungwa kwa kufuli tangu 2016, hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma zikiwa njiani, lakini kufuli hilo halimzuii aliye ndani kupiga picha ya skrini na kuipeleka ofisini.

Tunaambiwa sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na kifungu cha 37 kinasema uanachama wa chama, au kushiriki shughuli halali za chama, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Ila ulinzi huo huanza kufanya kazi mtu akiwa ameshaumia. Aliyefukuzwa kwenye sekta binafsi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi wanazimaliza wakibembeleza kwanza kwa mzee fulani anayefahamiana na bosi. Mtandao wa chama nao hauwi kinga ya kila neno. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamfuata anayesambaza taarifa ya uongo popote anaposambazia, iwe kwenye kundi la tawi au kwenye jukwaa lenye nembo ya chama.

Kuna hoja nyingine ya wapinzani isiyosemwa kwa sauti vikaoni, nami naiona kuwa kali kuliko ya bando. Mtandao wa chama utakuwa wa nani hasa? Seva italipiwa na makao makuu, na nywila kuu itakaa kwa mtu aliyeteuliwa na makao makuu. Mwanachama akianza kuhoji matumizi ya fedha, au mwaka wa uchaguzi wa chama akampigia debe mgombea asiyependwa, ni nani atamzuia mwenye nywila kumtoa? Kwenye WhatsApp wanachama wasioridhika wanafungua kundi lao jioni hiyohiyo na viongozi hawana la kufanya. Hiyo ni nguvu ambayo mtandao rasmi ungeweza kuipunguza. Anayedai tumkimbie mwenye nyumba wa Marekani atuambie pia ameweka nini kwenye katiba ili tusiangukie mikononi mwa mwenye nyumba wa kwetu.

Wanaotaka mtandao hutoa mfano wa bandari, nao ni mfano mzuri. Makuli wa Liverpool waliofukuzwa Septemba 1995, kwa sababu walikataa kuvuka mstari uliowekwa langoni na wenzao waliokuwa wamefukuzwa kazi, walitumia intaneti wakati ambapo wengi wetu hatujaisikia. Kwa msaada wa LabourNet, mtandao wa habari za wafanyakazi, walipeleka habari zao kwenye bandari za nchi nyingi, na Januari 1997 wafanyakazi wa bandari katika mabara mbalimbali waliwaunga mkono kwa vitendo. Mgogoro uliisha mwanzoni mwa 1998 bila makuli wale kurudishwa kazini, lakini mawasiliano yao yaliwapa miaka miwili ya kusimama. Tofauti ninayoiona kati yao na UnionBook ni kwamba wao walikuwa na shauri la kusukuma na mtandao ukalibeba. UnionBook ulikuwa ukumbi uliofunguliwa ukisubiri watu waje na mashauri yao.

Sisi shauri tunalo, na liko kwa vibarua. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, malori yanapanga foleni kuelekea maghala na bandari, na watu wengi hupata kazi ya kupakia, kushona magunia, kupanga na kubangua, wengi wao wanawake, kwa ujira wa siku au wa kilo. Ada ya chama hukatwa kwenye mshahara baada ya mfanyakazi kujaza fomu ya kukubali kukatwa. Kibarua anayelipwa mkononi hana pa kukatwa, kwa hiyo kwenye hesabu za chama hayupo. Mwalimu akikosa mtandao ana shule, ana mwakilishi, ana salari slip inayomwonyesha kuwa ni mwanachama. Kibarua wa ghalani hana hata kimoja. Hapa naungana na wanaotaka mawasiliano mapya kwa moyo wote: namba ya simu ndiyo anwani pekee ya mtu huyu, na msimu ukiisha anarudi Kitangari au Nachingwea na chama hakijui kwamba alikuwepo.

Watu 400 kwenye kundi hawana uzito mbele ya mwajiri. Kisheria, chama hutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano pale kinapokuwa na wanachama walio wengi katika kundi la wafanyakazi linalohusika. Wingi huo unathibitishwa kwa fomu na orodha. Kwenye matawi ya huku orodha hiyo mara nyingi ni namba zilizomo kwenye simu ya katibu, na katibu akihamishwa kwenda Songea, au simu ikiingia maji, tawi linaanza kuulizana nani alikuwa nani. Nikisikia tunabishana WhatsApp au mtandao wetu, nauliza kwanza daftari liko wapi.

Kusini tumepewa somo la kutosha kuhusu kuweka kila kitu mahali pamoja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, na mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, mtandao ukadorora nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja tulikosa njia ya lami, tukakosa na njia ya hewani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Siku kama hizo WhatsApp na mtandao wa chama vinakuwa sawa, havipo. Tawi lenye namba za wanachama kwenye karatasi linaweza kupiga simu ya kawaida au kumtuma mtu kwa bodaboda.

Orodha nayo inahitaji ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inauhesabu uanachama wa chama cha wafanyakazi miongoni mwa taarifa nyeti. Kumwingiza mtu kwenye kundi la watu mia mbili bila kumuuliza, namba yake ikaonekana na jina la tawi juu yake, ni kuianika taarifa hiyo. Viongozi wa matawi wanafanya hivyo kila wiki kwa nia njema. Mwenye kupenda wanachama wake aache leo.

Kwa hiyo sikubaliani na anayetaka tuanze kwa kumtafuta mtaalamu wa programu, wala na anayesema kundi tulilonalo linatosha. Kundi kubwa la WhatsApp libaki na misiba, pongezi na bei za korosho, na matangazo yapite humo kwa siku maalumu ili yasizame. Maneno ya siri yasiwekwe humo kabisa. Kando yake liwepo kundi dogo la wawakilishi. Ile Sheria ya Ajira ya 2004 inaruhusu wawakilishi 3 penye wanachama 10 hadi 20, na 10 penye wanachama 21 hadi 100, na matawi mengi hayajajaza nafasi hizo. Mwanachama mwenye dai amfuate mwakilishi ana kwa ana, mwakilishi alilete kwenye kundi dogo bila jina. Orodha iwe na nakala mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mtu aliyechaguliwa na kikao, na makabidhiano yaandikwe kwenye muhtasari kila uongozi unapobadilika.

Mkoa ukifika mahali ambapo matawi yana wawakilishi na madaftari yaliyokamilika, hapo mtandao wetu wenyewe utakuwa na wa kuwabeba, na nitakuwa wa kwanza kuutetea, mradi katiba iseme wazi kwamba hakuna mwanachama anayetolewa kwa kuhoji, na kwamba nywila kuu haishikwi na mtu mmoja. Gharama yake bado inanitatiza. Ada ya mwalimu wa Ruangwa ina kazi nyingi, na seva hulipiwa kila mwaka hata mwaka ambao hakuna anayeingia.

Kwa sasa ningeanzia maghalani, kabla ya Oktoba: wawakilishi wawili, mmoja wao mwanamke anayefahamika na wabanguaji, wakiwa na daftari na kalamu. Waandike jina, namba ya simu, kijiji anakorudi mtu baada ya msimu, na wamuulize kama anakubali kupigiwa.