Debbie Harry na swali la beji: Blondie ni nani?

Litazame jalada la Parallel Lines, albamu ya mwaka 1978 ya Blondie, bendi ya roki ya Marekani. Nyuma ni mistari mipana, mweusi kwa mweupe. Wanaume watano wamejipanga na suti nyeusi na tai nyembamba, wanachekelea kamera. Katikati yao kasimama mwimbaji wao, Debbie Harry, gauni jeupe, mikono kiunoni, tabasamu hana. Mwonyeshe mtu asiyeijua bendi hiyo, umuulize Blondie ni nani. Atamnyooshea kidole yeye.

Wenzake hawakuipenda picha ile, na meneja wao wa wakati huo hakukaa nao muda mrefu baada yake. Suala lenyewe liliwakera kiasi cha kutengenezewa beji za kubandika kifuani zenye maneno ya kusema kwamba Blondie ni kundi. Ukiona bendi inahitaji beji ya kujitambulisha, ujue mambo si shwari.

Wapo wanaoshikilia mpaka leo kwamba uzuri wa Harry ndio uliowapandisha, na huohuo ndio uliowaangusha. Nusu ya kwanza siipingi sana. Harry hakuwa binti mdogo aliyepambwa na wakubwa. Alizaliwa mwaka 1945, kwa hiyo albamu ile ilipotoka alikuwa na miaka 33, na nyuma yake alikuwa amehudumu mezani katika klabu ya Max's Kansas City jijini New York, amevaa masikio ya sungura, sare ya wahudumu wa kike, katika klabu ya Playboy, na ameimba katika kundi la muziki wa folk lililotoa albamu mwaka 1968 bila kishindo. Jina la bendi lenyewe lilitokana na madereva wa malori waliokuwa wakimpigia kelele barabarani kwa sababu ya nywele zake za dhahabu, ambazo hata hivyo zilikuwa za kupaka rangi. Mwenzangu, mtu anayeyaokota makelele ya barabarani akayafanya jina la kazi, huyo anajua vizuri macho ya wanaume yanatafuta nini. Mwenyewe amekuwa akieleza kwamba yule mwanamke wa jukwaani ni mhusika aliyemtunga.

Tatizo ni kwamba mhusika wa kutunga akishaingia kwenye idara ya matangazo, mtungaji haulizwi tena. Wimbo wao wa Rip Her to Shreds, yaani "mrarue vipande vipande", ni kejeli kwa wasengenyaji. Kampuni ya kurekodi iliutangaza kwa picha ya Harry, ikiwauliza watazamaji kama wasingependa kumrarua yeye. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema "si alijitakia?" Kuchagua nguo za kuvaa jukwaani hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kukugeuza nyama ya buchani.

Nusu ya pili ya hoja, kwamba sura iliivunja bendi, ndiyo inayopwaya. Wakati bendi bado ipo, mwaka 1981, Harry alitoa albamu yake peke yake, KooKoo, iliyotayarishwa na Nile Rodgers na Bernard Edwards, mafundi waliokuwa kileleni. Sura ni ileile, ingawa jaladani nywele ni nyeusi na uso umepitishwa masindano marefu kama mishikaki, kazi ya mchoraji H. R. Giger. Haikufikia kilele cha Blondie. Nchini Marekani hakuna wimbo wake wa peke yake hata mmoja ulioingia katika 40 bora. Kama sura ndiyo ingekuwa mtaji wote, hapo ndipo ungeonekana.

Bendi ilivunjika mwaka 1982 kwa sababu zisizo na mvuto wa kusimulia: albamu iliyododa, ziara iliyokatishwa, pesa zisizoeleweka, dawa za kulevya, na ugonjwa wa Chris Stein, mpiga gitaa na mpenzi wa Harry, uliomtoa malengelenge mwili mzima. Harry aliacha mengi akamuuguza. Baadaye waliachana, lakini kazi wakaendelea kuifanya pamoja.

Kisha ukaja Februari 1999, bendi ikiwa imefufuliwa. Wimbo wa Maria ukashika namba moja Uingereza, miaka 20 kamili tangu wimbo wao wa Heart of Glass ufanye hivyo. Mwimbaji ana miaka 53, na mtunzi wa Maria ni Jimmy Destri, yule wa kinanda, ambaye mashabiki wengi wasingemtambua wakipishana naye mlangoni. Ushahidi wa ile beji ndio huo.

Ila beji ilikuwa na upande wa nyuma. Machi 2006 Blondie waliingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki nchini Marekani. Frank Infante, aliyepiga nao gitaa enzi za Parallel Lines lakini hakurudishwa bendi ilipofufuliwa, alisimama mbele ya maikrofoni na kumwomba Harry, watu wakisikia, kwamba yeye na Nigel Harrison, mpiga besi wao wa zamani, waruhusiwe kupiga usiku ule. Harry akakataa palepale; bendi yake, alisema, ilikuwa tayari jukwaani. Ndivyo walivyoanza kupiga, na besi ya Harrison ikiwa mikononi mwa mtu mwingine.