Ratiba ya Rangi Nne

Siku naondoka kwenda chuo, baba alinisindikiza hadi stendi ya Tanga akamwambia kondakta, "Huyu nitazamie vizuri, anakwenda kusomea udaktari." Nilishamweleza mara tatu kwamba biokemia si udaktari, ni kemia ya mambo yanayopita ndani ya chembe hai. Mara zote tatu alinisikiliza kwa upole. Kondakta naye hakupoteza muda. Tulipofika Segera alipandisha shati akanionyesha upele mgongoni. Nikamwambia apake mafuta ya nazi. Hadi leo sijui alipona au vipi.

Chuoni Dar, wiki ya kwanza, vyama vya wanafunzi vilikuwa vimepanga meza chini ya miembe, kila meza na daftari lake na kreti ya soda. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya bweni, ambako uhuru wote niliowahi kuupata ni kuchagua kulala juu au chini. Nikaona meza ya kwaya, nikajiandikisha. Klabu ya mdahalo, nikajiandikisha. Chama cha wanafunzi wa sayansi, hicho ni wajibu. Klabu ya wachangia damu, ingawa nilikuwa na kilo 48 na wao wanataka uanzie 50. Wakasema nitagawa soda. Maigizo nilijiunga kwa sababu ya dada aliyekuwa akishika kalamu, na hilo tuliache hapo hapo. Kufika jioni nilikuwa mwanachama wa vyama saba na tumbo limejaa gesi.

Usiku ule nikanunua karatasi ya manila na kalamu za rangi nne. Bluu, mihadhara. Kijani, praktiko, yaani vipindi vya maabara. Nyekundu, vyama. Njano, kulala. Nikapanga wiki nzima, saa kwa saa, mpaka na dakika 20 za Jumatano za kumpigia mama simu. Alama nazo nikazipanga. GPA kwetu inaishia 5, daraja la kwanza linaanzia 4.4, nikajiwekea 4.6 ili nibaki na akiba. Nikabandika ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, machozi yakanilenga.

Mwenzangu wa chumbani, kaka mmoja wa uhandisi mwaka wa tatu, aliingia na ndoo ya maji, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Dogo, hii ni ratiba au kanga?"

"Ratiba, kaka."

"Mbona haina jina?" Akachukua kalamu yangu nyekundu akaandika chini, katikati, kwa herufi kubwa kama zinavyokaa kwenye kanga: MSHIKA MAWILI MOJA HUMPONYOKA. Kisha akaenda zake kuoga.

Nilimwona mtu wa wivu tu. Lakini kuna kitu alikuwa amekiona ambacho mimi sikukiona, nacho ni yale ya kijani. Watu wa biokemia hatusomi tu, tunasimama. Mwaka wa kwanza wenyewe hata haufanani na biokemia: nilikwenda nikitarajia DNA, nikakuta kemia ogania, kemia fizikia, hesabu, na wiki nzima ya pH. Kila kozi na praktiko yake. Kwenye karatasi praktiko ni saa tatu, lakini enzaimu hazisomi karatasi. Unakaa na mate yako mwenyewe kwenye mrija, umeyachanganya na wanga ili enzaimu zake ziumeng'enye, kila nusu dakika unadondosha tone kwenye iodini kuona kama weusi umeondoka, na weusi hauondoki, na kwaya inaanza saa 11. Ukitoka hapo kuna ripoti. Ripoti za praktiko ziko kwenye ile asilimia 40 ya kabla ya mtihani wa mwisho, na asiyeziheshimu hukutana nazo tena kwenye sapu, mtihani wa kurudia.

Nikawa nachanganya. Kwenye kwaya nilikuwa sauti ya tatu, sauti yenye kazi ndogo, basi wenzangu wakiimba mimi moyoni nazungusha mzunguko wa Krebs, zile hatua za chembe hai kupata nguvu: sitrati, isositrati, alfa-ketoglutarati. Jumapili moja "suksinati" ilinitoka kwa sauti katikati ya pambio. Mwalimu wa kwaya alidhani nimenena kwa lugha.

Hayo yote yangepita salama kama klabu ya mdahalo isingeniambia nina sauti ya uongozi. Nikachukua fomu ya ubunge wa kitivo kwenye bunge la wanafunzi. Kwenye ratiba hapakuwa na nafasi, nikakata njano.

Mpinzani wangu alikuwa kiongozi wa darasa letu, binti mtulivu wa Singida asiyejiunga na chama hata kimoja, na ambaye ripoti zake zilikuwa zinafika siku moja kabla ya tarehe. Mimi nilikuwa na kaulimbiu: GLAVU KWA KILA MKONO. Maana maabara yetu ilikuwa ikigawa glavu jozi moja kwa mtu kwa wiki, ukizitoboa ni juu yako. Hoja ilikuwa nzito, watu walinipigia makofi. Na kwa kuwa bumu, hela yetu ya mkopo, lilikuwa limechelewa na sina hela ya maputo, nikachukua jozi yangu ya wiki, nikazipuliza zikawa viwele vya ng'ombe, nikazifunga juu ya bango langu kubwa lililokuwa mlangoni pa kafeteria.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Ijumaa. Saa 2 asubuhi, praktiko ya asidi amino, vile vijenzi vya protini.

Niieleze kidogo, maana yote yalitokea hapo. Unachukua karatasi maalumu, unachora mstari kwa penseli (si kalamu ya wino, wino utapanda pamoja na sampuli), unadondosha vitone vya asidi amino juu ya mstari, unaisimamisha kwenye kiyeyushi. Kiyeyushi kinapanda taratibu kama maji kwenye utambi, na kila asidi amino inapanda nacho kwa mwendo wake. Sisi tulizisimamisha Alhamisi zikalala usiku kucha. Ijumaa kazi ni kukausha, kupulizia kemikali iitwayo ninhidrini, kuingiza kwenye oveni. Asidi amino huwezi kuiona kwa macho. Ninhidrini ikiigusa na joto likaingia, hugeuka zambarau. Isipokuwa prolini, hiyo hujitia njano.

Fundi sanifu wa maabara, mzee ambaye tulikuwa tukimwogopa kuliko profesa, alipita mezani. "Glavu, vijana."

Kiongozi wa darasa alivaa zake. Akaniangalia. "Zako?"

"Ziko kampeni," nikamwambia.

Chupa yetu ya kupulizia ilikuwa inavuja shingoni. Kila nikibonyeza, nusu inakwenda kwenye karatasi na nusu inateremka kwenye vidole. Nikabadilisha mkono, ikateremka mkono wa pili. Kimiminika chenyewe hakina rangi ya kutisha, unaweza kudhani maji. Nikajifuta kwenye koti, nikanawa kwa sekunde tatu kwa sababu saa ilikuwa inakimbia. Karatasi yangu ilipotoka kwenye oveni ilikuwa na vitone vitano safi, na pembeni doa moja kubwa la duara ambalo halikuwa kwenye mwongozo. Nikamwita mzee kwa furaha. Nilidhani nimepata asidi amino mpya.

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Hii ina mistari," akasema. "Ni dole gumba lako."

Hapo ndipo ningejiuliza: kama dole gumba limeacha asidi amino kwenye karatasi na imegeuka zambarau, je, dole gumba lenyewe? Sikujiuliza. Saa 6 nilikuwa kwaya. Saa 7 nikawa kwenye hema la wachangia damu nagawa soda na biskuti, jua la Dar linachoma turubai, jasho linanitoka mpaka viwikoni. Joto na jasho ndivyo ninhidrini ilivyokuwa ikivisubiri.

Nesi mmoja alinyoosha mkono kupokea soda, akaacha soda akanishika kidole.

"Mwanangu, kaa chini."

"Niko kazini, mama."

"Kaa chini, nimesema. Kucha zako tangu lini ziko hivi? Unapumua vizuri? Una tatizo la moyo?"

Nikatazama. Vidole vyote kumi, kuanzia kucha hadi pingili ya pili, vilikuwa na rangi ya mtu aliyeshinda juu ya mzambarau. Nesi alidhani damu yangu imeishiwa oksijeni. Alinilaza kwenye kitanda cha wachangiaji, akanipima mapigo, akanipa ile soda niliyokuwa nataka kumpa yeye. Nilipomaliza kumweleza habari za maabara ilikuwa saa 8 na nusu, na kura zinafungwa saa 10.

Nikajaribu sabuni ya unga. Nikajaribu ndimu. Mtu akanishauri dawa ya meno. Rangi haikutikisika, maana haikuwa imekaa juu ya ngozi, ilikuwa imeshikana na ngozi yenyewe. Nikatia mikono mfukoni nikakimbilia kituo.

Miaka ile hapakuwa na kupiga kura kwa simu. Palikuwa na meza, kisanduku, na kichupa cha wino. Na wino wenyewe, kwa bahati yangu, wa zambarau.

"Lete kidole," akasema msimamizi.

Nikatoa kile kidogo cha kushoto.

"Wewe umeshapiga."

"Sijapiga."

"Hiki ni nini?"

"Basi chukua kingine." Nikatoa cha pili, naye akanyamaza. Cha tatu. Nilipoweka mikono yote miwili mezani, foleni nzima ilijisogeza kuja kuona. Kuna aliyesema, "Huyu amepiga kumi!" Mwingine akauliza, "Na ni mgombea?"

"Jamani, hii ni asidi," nikaanza kueleza, nikiwa na maana ya asidi amino. Neno la pili halikusikika. Foleni iliyokuwa imenizunguka ilirudi nyuma mita tano kwa mkupuo.

Akaitwa mwenyekiti wa tume, kaka wa sheria mwaka wa tatu, mwenye tai. Nikamwomba mpinzani wangu anitolee ushahidi, kwani tulikuwa meza moja asubuhi. Binti alisema ukweli wote, bila kuongeza wala kupunguza: "Ni kemikali ya maabara. Hakuvaa glavu." Kisha akageuka polepole akatazama bango langu, na kituo kizima kikageuka naye. Glavu kwa kila mkono. Zile mbili zilikuwa zimeanza kuishiwa pumzi, zinaning'inia vidole chini.

Mwenyekiti alitaka mtaalamu. Mzee wa maabara akaletwa, amevaa glavu, chupa mkononi. Aliponiona hakuuliza habari za kura. "Umenawa kwa muda gani?" Nikamwambia sekunde tatu. Akatikisa kichwa, akawapa tume somo la bure: kwamba rangi hii iliibuliwa mwaka 1910 na Ruhemann, mkemia wa Cambridge, na inaitwa kwa jina lake, kwamba polisi huitumia kuibua alama za vidole kwenye karatasi, na kwamba mimi nitatakata ngozi ikibanduka, si kabla. Akamwambia mwenyekiti abonyeze dole gumba kwenye karatasi nyeupe, akaipulizia hadi ikalowa, pasi ikaazimwa bweni la jirani.

"Ngoja ikauke kwanza," mzee akasema.

"Hapana, mzee wangu," mwenyekiti akajibu. "Ushahidi haupigwi pasi na shahidi." Akaichukua mwenyewe ikiwa mbichi, katibu akamshikia pembe mbili, wakala mmoja pembe ya tatu. Wakatandika kitambaa, wakapiga pasi. Dole gumba la mwanasheria likajitokeza, zambarau, mistari yote. Umati ukasema "Aaaa!" Karatasi ikazungushwa tume nzima, kila mjumbe akaishika. Mzee wa maabara alifungua mdomo, akawatazama, akaufunga.

Nikaruhusiwa kupiga kura. Tatizo likabaki moja: watanipaka wapi wino uonekane? Mwenyekiti akafungua kanuni, akasoma mara mbili. "Kanuni inasema mpiga kura atapakwa wino kidoleni. Haikusema cha wapi." Basi nikavua kiatu mbele za watu. Soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba cha mguu kilikuwa tayari nje, kinasubiri. Wakapaka.

Matokeo yalitangazwa Jumamosi saa 4 asubuhi, ukumbi umejaa. Mwenyekiti aliingia na mikono mfukoni. Katibu alikuwa amejifunga mtandio viganjani. Ikabidi mjumbe mmoja, yule aliyekuwa amechelewa jana, awashikie karatasi ili mwenyekiti asome.

Mgombea namba moja, kura 214. Makofi.

"Mgombea namba mbili, kura 11."

Ukumbi ulikaa kimya kidogo, kimya cha watu wanaojumlisha. Sauti ikatoka nyuma kabisa: "Kumi za mikono!"

Na mwenzangu wa chumbani, nilimjua kwa sauti, akadakia: "Na moja ya mguu!"