Simu Imenuna

Jamani, simu ya jirani ikikata mtandao mimi nahusika vipi? Leo saa kumi na mbili asubuhi mlango unagongwa, tena kwa fimbo. Bibi wa nyumba ya pili. "Mjukuu wangu, simu imenuna." Shikamoo nimeitoa jicho moja bado limelala.

Simu ikafunuliwa kama kidonda: leso, mfuko wa plastiki, raba. Nikaomba neno la siri. "Siri naitajaje?" Basi nigeuke aandike mwenyewe, mtu mzima na ndevu zangu nimekazia macho ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu, na yeye huko nyuma kila tarakimu anayobonyeza anaitamka kwa sauti. Akakosea mpaka simu ikajifunga. Kosa la nani? Langu, nimehema.

Tukawa tunaisubiri ifunguke. Kimya. Mara, "Na kazi wamekuachisha lini?" Nikaganda. Sijamwambia mtu, hata mama mzazi hajui! "Taa yako ilikuwa inawaka alfajiri, siku hizi haiwaki." Sasa huyu ni jirani au upelelezi?

Tatizo lenyewe? Kile kialama cha ndege kinachokata mtandao, kakigusa mwenyewe. "Nani kairusha?" ananiuliza mimi.

Eti nasikia Uholanzi, mji wa Deventer, kuna makazi ya wazee ambako wanafunzi wanaishi bure, wao wanatakiwa tu wawe majirani wema saa 30 kwa mwezi. Saa 30! Mimi tarehe 5 haijafika nishazimaliza, na kodi nalipa, yaani nalipia kutumwa.

Mzee wa kona namsomea barua ananisahihisha matamshi. Mama pacha kaniachia watoto "dakika mbili", giza likaingia.

Na usijaribu kuumwa! Juzi nina homa nataka kulala tu, wakaja wanne, wawili wanataka dirisha lifunguliwe wawili lifungwe, wakagombana juu ya kichwa changu mpaka nikaamka kuwasuluhisha. Mtu hata kuhuzunika kwa nafasi hawezi, ukijifungia wanahesabu siku, ukitoka wanakuuliza mbona umekonda, jamani niacheni nikonde!

Halafu ngazi yangu iko wapi? Kila ninayemuuliza anasema iko kwa jirani. Jirani yupi sasa, si wote majirani? Na kuna fimbo naisikia inakuja tena huko, sijui safari hii imenuna nini.