Mzee Ana Waya Mwilini: Apimwe MRI au Arudishwe?

Tuseme mzee wa Temeke alikwenda India kwa rufaa, akarudi na kifaa chenye betri chini ya ngozi ya kifua. Waya wake umepanda hadi shingoni, ukazungushwa kwenye mshipa wa fahamu ili kupunguza kifafa. Leo kiuno kinamsumbua na daktari wake hapa Dar es Salaam ameandika MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Mlangoni anaulizwa, "Shikamoo mzee, una chuma chochote mwilini?" Akijibu ndiyo, mara nyingi safari inaishia hapo.

Anayemrudisha si mwoga tu. Wengi hudhani hatari ni sumaku kuvuta chuma, na kweli sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu takriban mara 30,000 ya ile ya dunia, tena haizimwi jioni watu wakienda nyumbani. Lakini kwa vifaa hivi, adui mkubwa ni mawimbi ya redio ya mashine. Waya huyapokea kama antena, na joto hujikusanya kwenye ncha yake, pale pale unapogusa mshipa au ubongo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wenye vichocheo vya ubongo, yaani vifaa kama hivi ambavyo waya wake huingia ubongoni, kuumia kwenye MRI, kukiwamo kupoteza fahamu na ulemavu wa kudumu. Mwaka huohuo kiliandikwa kisa cha mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, mwenye kichocheo hicho aliyepimwa kiuno, akavuja damu ubongoni. Kiuno, jamani! Kwa hiyo hoja ya "tunapima mbali na kifaa" haimwokoi mtu.

Upande wa pili nao una uzito. Vifaa vingi vya sasa vina alama ya kuruhusiwa MRI kwa masharti. Masharti hayo ni makali: nguvu ya sumaku, sehemu ya mwili, hali ya betri, kifaa kizimwe au kisizimwe. Miongozo ya awali ya vichocheo vya ubongo iliruhusu mawimbi ya redio yaingize wati 0.1 tu kwa kila kilo ya kichwa, ilhali kikomo cha kawaida ni wati 3.2. Wala usidhani mashine yenye sumaku ndogo ni salama zaidi. Mawimbi yake ni ya urefu mwingine, na waya uliostahimili tesla 3 unaweza kupata moto kwenye 1.5. Aliye na kadi ya kifaa chake, yenye jina la kampuni na namba ya modeli, anaweza kupimwa vizuri kabisa. Kumrudisha huyo ni kumpeleka kwenye CT, kipimo cha eksirei na kompyuta kisichoonyesha uti wa mgongo kwa undani ule, na uvimbe unaoubana hausubiri.

Mimi naegemea kwa anayekataa pale kadi inapokosekana, ila simuungi mkono anayekataa bila hata kuiulizia. Hospitali iliyopandikiza ina kumbukumbu. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kwenda kwa daktari wa kule unaweza kuleta jibu kabla ya wiki kuisha.

Kinachonitia hofu zaidi ni mgonjwa anayejibu "hapana" kwa dhati. Betri yake ilitolewa zamani, naye anajua mambo yamekwisha. Hakuambiwa, au alisahau, kwamba waya uliachwa shingoni kwa sababu kuung'oa kungeweza kuumiza mshipa. Waya usio na betri bado ni antena, na masharti yaliyoandikwa kwa kifaa kizima huenda yasiuhusu kabisa. Fomu inayouliza "una betri ya moyo?" haitamkamata. Itamkamata ile inayouliza "umewahi kuwekewa kitu, hata kama kilitolewa?", na mkono wa mtaalamu unaopapasa kovu la kifuani. Wasiwasi ukibaki, eksirei ya shingo na kifua itauonyesha waya huo waziwazi, na inapigwa jengo lilelile, kwa dakika chache, kabla mzee hajavua hata mkanda.